Mto Ohio Hautembei

Ilikuwa jioni ya Septemba, joto bado halijaisha, nasi tuko juu ya daraja la Big Four. Ni lile daraja la zamani la reli ambalo siku hizi ni la waenda kwa miguu na baiskeli: Louisville, Kentucky, upande huu, Jeffersonville, Indiana, upande ule. Chini yetu ulikuwa unapita msafara wa matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yamefungwa pamoja kwa nyaya nene za chuma na kusukumwa kutoka nyuma na boti moja. Yamejaa makaa ya mawe, lundo baada ya lundo. Ulichukua muda mrefu kupita hata watoto wakachoka kuangalia, wakarudi kwenye aiskrimu zao.

Mzee mmoja wa Uvira, ambaye familia yake iliingia Louisville kwa njia ya ukimbizi kama Wakongo wengi wa mjini hapa, alikuwa ameegemea chuma cha daraja. Matishari hakuyajali. Alikuwa anaangalia maji.

"Mwanangu," akasema, "hii mto haitembei."

Nikamwambia unatembea, mzee, ni upana tu unaodanganya macho. Akaguna. Amekulia pale Ruzizi inapoingia Ziwa Tanganyika, na mtu wa namna hiyo humfundishi tofauti ya mto na ziwa.

"Ruzizi ndiyo mto. Hii ni ziwa, wameipa tu jina ya mto."

Tukacheka, tukashuka, kila mtu akaenda kwake. Lakini neno lile lilining'ang'ania. Kwa wiki kadhaa, kila nikivuka kwenda kazini upande wa Indiana nilijikuta natafuta kitu kinachoelea, jani, chupa, kipande cha ubao, nione kama kinasogea.

Mara nyingi hakikusogea.

## Ngazi

Mzee alikuwa sahihi, tena kwa namna ambayo wahandisi wenyewe wasingebisha.

Ohio unaanzia Pittsburgh, Pennsylvania, pale mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana, unakwenda maili 981, yaani kilomita 1,579, ukigusa majimbo sita, mpaka unapoingia Mississippi kwenye ncha ya Cairo, Illinois. Katika safari yote hiyo unashuka mita 130 hivi tu. Na hata mteremko huo mdogo umekatwa vipande: kuna mabwawa 19, na kila bwawa linarudisha maji nyuma mpaka yanafika miguuni pa bwawa la juu yake. Ni ngazi. Maji yanakaa kwenye kidato, yanashuka, yanakaa tena.

Kidato tunachokiona kutoka Big Four kinaanzia kwenye bwawa la McAlpine, hapa hapa Louisville, na kinarudi nyuma kilomita 121 mpaka bwawa la Markland. Hilo ndilo ziwa la yule mzee: jembamba, lenye kona, urefu wake kilomita 121.

Kando ya kila ukuta pana chumba cha kushushia na kupandishia vyombo. Pale McAlpine chumba kina urefu wa futi 1,200 na upana wa futi 110, sawa na mita 366 kwa 33.5. Tishari la kawaida lina urefu wa futi 195 na upana wa futi 35. Piga hesabu mwenyewe. Matano kwa urefu ni futi 975, na boti ya kusukuma inaingia kwenye nafasi inayobaki. Matatu kwa upana ni futi 105. Kwa hiyo nahodha ana futi mbili na nusu kila upande, basi, na ndani ya uchochoro huo anaingiza mzigo wa tani zaidi ya 20,000. Milango inafungwa, maji yanaachiwa, kila kitu kinashuka zaidi ya mita 11 bila mtu kumwaga chai yake. Nimesimama pale kutazama kazi hiyo hadi nikasahau kuwa nilikuwa na miadi mahali.

Kwa maneno mengine, mto umekatwa na kushonwa kwa kipimo cha tishari.

## Kilichoninyima usingizi

Anayeishi hapa hawezi kuukwepa Ohio kwenye habari za utumwa. Mwaka 1787 Bunge la Marekani lilipiga marufuku utumwa katika nchi iliyo kaskazini ya mto huu. Kentucky, iliyo kusini, iliendelea kuwa nchi ya watumwa mpaka 1865. Mto ndio uliokuwa mstari. Watoto wanafundishwa hivyo shuleni, na Cincinnati pamejengwa jumba kubwa la makumbusho ukingoni kabisa kwa ajili ya habari hiyo.

Na mimi, kila nilipokuwa nikisoma habari za waliotoroka, nililiona tukio kwa macho ya leo: maji mapana, meusi, yenye kina, mtu kasimama gizani upande huu na uhuru uko upande ule.

Sasa kama haya maji ni ziwa lililotengenezwa, wale watu walivuka nini?

## Mto ulivyokuwa

Ohio wa zamani, wakati wa kiangazi, ulikuwa mto wa kusikitisha. Mnamo Septemba 1881 kipimo cha maji cha Cincinnati kilisoma chini ya futi 2. Leo, mabwawa yakiwa yameshikilia, kipimo hicho hicho hukaa karibu na futi 26 hata mvua isiponyesha. Sehemu nyingi zilikuwa na mafungu ya mchanga na kokoto ambayo mtu mzima aliweza kuyavuka kwa miguu, suruali imekunjwa magotini. Halafu Februari 1884, miaka miwili na nusu tu baadaye, pale pale Cincinnati, maji yakafika futi 71.

Huo ndio mto wenyewe. Mara mfereji wa kuku kuvuka, mara bahari.

Wafanyabiashara waliuchukia kwa hilo. Meli ya mvuke ya kwanza kushuka mto huu, iliyoitwa New Orleans, iliondoka Pittsburgh Oktoba 1811 chini ya Nicholas Roosevelt. Ilifika Louisville bila shida, kisha ikakwama hapa kwa wiki nyingi kwa sababu maji hayakutosha kuipitisha juu ya miamba. Mkewe, Lydia, alijifungua mtoto hapa wakiwa wanasubiri mvua. Maji yalipopanda kidogo mwezi Desemba wakapenya, na huko mbele wakakutana na mitetemeko mikubwa ya New Madrid iliyoanza tarehe 16 ya mwezi huo. Safari ya namna hiyo ungedhani ingewakatisha tamaa watu wote. Badala yake, baada ya miaka michache mto ulijaa moshi.

Wenye makaa ya mawe Pittsburgh walikuwa na mateso yao. Walijaza mashua, wakazifunga ukingoni, wakasubiri. Wiki, wakati mwingine miezi. Mvua ikinyesha milimani na mto ukapanda, mashua zote ziliondoka kwa pamoja kama watu waliofunguliwa mlango. Ndiyo maana bwawa la kwanza, la Davis Island, lililofunguliwa 1885, lilijengwa chini kidogo ya Pittsburgh: mashua za makaa zipate bandari yenye maji ya kuaminika.

Ule ukuta haukuwa ukuta hasa. Ulikuwa safu ya vibao vikubwa vilivyosimama bega kwa bega kukata mto, kila kimoja na bawaba yake chini. Maji yakiwa machache, wafanyakazi walivisimamisha kimoja kimoja wakiwa kwenye boti, na mto ukajaa nyuma yake. Maji yakiwa mengi, vililazwa chali sakafuni na vyombo vikapita juu yake kana kwamba hakuna kitu. Ninaupenda sana ubunifu huo. Ulikuwa bado unaupa mto ruhusa ya kuwa mto kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Kufikia 1929 kazi ilikuwa imekamilika kutoka Pittsburgh hadi Cairo, mabwawa kama 50, kina kisichopungua futi 9 njia nzima. Rais Herbert Hoover alikuja Cincinnati Oktoba mwaka huo kusherehekea, siku chache kabla soko la hisa la New York halijaporomoka. Kuanzia miaka ya 1950 yakaanza kujengwa mabwawa marefu ya zege na milango ya chuma, machache zaidi na ya juu zaidi, na vile vibao vikaondolewa kidato baada ya kidato.

## Matumbawe

Kuna sehemu moja tu ambapo bado unaweza kuiona sakafu ya Ohio, na bahati nzuri iko hapa. Ni yale maporomoko yaliyoikwamisha meli ya New Orleans, kizuizi pekee cha mwamba katika maili zote 981. Maji yalikuwa yakishuka mita 8 hivi katika umbali wa kilomita tatu na kitu. Louisville ipo kwa sababu hiyo, hakuna siri nyingine: kila chombo kilipaswa kushusha mzigo, mikokoteni ikaubeba, watu wakala, wakalala, wakalipa. Mfereji wa kuyazunguka maporomoko ulifunguliwa 1830, na leo bwawa na mtambo wa umeme vinachukua karibu maji yote yaliyobaki.

Kwa hiyo kati ya Agosti na Oktoba, upande wa Clarksville, Indiana, mwamba unabaki mkavu na unaruhusiwa kutembea juu yake.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilishuka pale nikiwa na viatu vya mjini, nikainama, na nikajikuta naangalia matumbawe. Matumbawe kabisa: yenye matundu kama mzinga wa nyuki, mengine yamekaa kama pembe, mengine yametawanyika kama bakuli zilizopasuka. Yana umri wa miaka milioni 390 hivi, tangu enzi ambayo Kentucky na Indiana zilikuwa chini ya bahari ya joto. Nikapapasa. Makali yake yale yale yanayokata nyayo kwetu maji yakitoka. Mlinzi wa hifadhi akaniambia kwa upole kwamba kuangalia ni bure, kuchukua ni kosa.

Nilikaa pale hadi jua likaanza kuuma. Kwa mara ya kwanza nilikuwa najua upana wa mto wenyewe, si wa ziwa.

## Mpaka ulio chini ya maji

Hapo ndipo jibu langu lilipoanza kuharibika.

Maana nilikuwa nimeshajitengenezea hadithi nzuri: mto ulikuwa mdogo kuliko tunavyoudhania, kwa hiyo kuvuka kulikuwa rahisi kuliko tunavyodhania. Halafu nikaingia kwenye sheria za mpaka.

Mpaka wa Kentucky haupiti katikati ya mto. Virginia ilipoiachia serikali kuu nchi ya kaskazini mwaka 1784, iliubakiza mto kwake. Kentucky ilipozaliwa kutoka Virginia mwaka 1792, ikaurithi. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo 1820, na mwaka 1980 ikasema tena kwa uwazi zaidi: mpaka ni pale maji yalipokuwa yakiishia upande wa kaskazini, wakati wa maji machache, mwaka 1792. Mabwawa yameinua maji, kwa hiyo mstari huo leo umezama. Ukiingiza miguu mtoni Jeffersonville bado uko Indiana, ukiogelea kidogo unaingia Kentucky bila kuona bango. Karibu na Evansville mto ulihama njia ukaacha kipande cha Kentucky upande wa Indiana. Mwaka 1890 mahakama ikasema kitabaki Kentucky, na leo kuna uwanja wa mbio za farasi pale, unafika kutoka Indiana bila kuvuka tone la maji.

Habari hizi huchekesha watu kwenye mazungumzo. Zisome tena ukimfikiria mtu anayetoroka.

Maji yote yalikuwa ya Kentucky.

Ukiwa katikati ya mto, ukiwa robo tatu ya mto, maji yamekufika kifuani, bado ulikuwa kwenye nchi ya watumwa. Mpaka ulikuwa tope la upande wa pili. Na baada ya sheria ya 1850 ya kuwarudisha watoro, hata tope lile halikukulinda: msako uliweza kukufuata mpaka ndani kabisa ya majimbo ya Ohio na Indiana, na raia aliyekusaidia alikuwa anavunja sheria.

Tena sheria ya Kentucky ilimbana hata mwenye chombo. Mwaka 1841 wanamuziki watatu waliokuwa mali ya bwana mmoja wa Harrodsburg, Christopher Graham, walipanda meli ya Pike hapa Louisville, wakashuka Cincinnati, wakaendelea mpaka Kanada. Bwana wao aliwahi kuwaruhusu kwenda kupiga muziki kaskazini, kwa hiyo upande wa utetezi ukadai walishakuwa huru. Graham hakuwafuata wao. Aliwashtaki wenye meli. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na mwaka 1851 majaji wakasema kwamba hali yao baada ya kurudi Kentucky inaamuliwa na sheria ya Kentucky, si ya Ohio. Miaka sita baadaye hoja hiyo hiyo ilitumika dhidi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani.

Kwa hiyo nahodha aliyekuona gatini alikuwa na sababu ya mfukoni ya kukukataa.

Hapo nikaiacha hadithi yangu nzuri. Kina cha maji hakikuwa jambo kubwa kama nilivyodhani, uwe mto uwe ziwa. Mitumbwi ilifungwa kwa minyororo na makasia yakafichwa. Ukingoni palikuwa na doria na mbwa, na watu waliokuwa wakiishi kwa zawadi za kukamata watoro. Ndiyo maana kazi ya mtu kama John Parker ilikuwa na maana. Huyu alizaliwa utumwani Virginia 1827, akauzwa akiwa mtoto wa miaka minane, akajinunua mwenyewe 1845 kwa dola 1,800, kisha akahamia Ripley, Ohio, akawa na karakana yake ya kuyeyusha chuma. Mchana alifua vyuma. Usiku alipiga makasia kwenda Kentucky, anarudi na watu. Kule juu ya kilima cha Ripley alikuwapo mchungaji John Rankin, na taa ya nyumba yake ilionekana kutoka ng'ambo. Parker alikuwa mtu huru mwenye mali, na kila usiku aliovuka aliweka shingo yake rehani.

Na yupo Margaret Garner. Januari 1856 mto uliganda. Yeye, mumewe, watoto wao na wakwe zake walitembea juu ya barafu kutoka Kentucky mpaka Cincinnati. Mto haukuwapa taabu yoyote. Saa chache baadaye nyumba waliyojificha ikazingirwa, na Margaret akamuua binti yake mdogo kuliko kumwona anarudishwa.

Barafu iliwabeba. Waliowarudisha ni watu.

## Upana na urefu

Kuna jambo lingine ambalo hadithi ya kuvuka inalificha, nami nadhani ndilo zito zaidi. Tunauzungumzia mto huu kwa upana wake tu, kusini kwenda kaskazini. Waliokuwa watumwa waliuogopa kwa urefu wake.

Louisville ilikuwa soko. Kadiri mashamba ya pamba na miwa ya Kusini yalivyozidi kula watu, Kentucky iliuza. Waliouzwa waliingizwa melini hapa, wakashushwa Ohio mpaka Mississippi, mpaka Natchez na New Orleans. Familia ya Garner ilirudishwa Kentucky, na wiki chache baadaye ikapakiwa kwenye meli kupelekwa Arkansas. Njiani meli yao iligongana na nyingine, na mtoto mchanga wa Margaret akafa maji. Yeye mwenyewe alikufa 1858, huko huko Kusini.

Mnamo Septemba 1841 Abraham Lincoln, wakili kijana, alipanda meli Louisville kwenda St. Louis baada ya kukaa kwa rafiki yake Joshua Speed. Maji yalikuwa machache, safari ikawa ndefu na ya kuchosha. Ndani ya meli kulikuwa na watu 12 walionunuliwa Kentucky kupelekwa Kusini. Akamwandikia Mary Speed, dada wa rafiki yake kwa baba, na kumweleza kwa makini jinsi walivyofungwa: sita na sita, kila mmoja pingu ndogo mkono wa kushoto, pingu imeungwa kwa mnyororo mfupi kwenye mnyororo mkuu, umbali wa kutosha kati ya mtu na mtu, kama samaki kwenye mshipi wenye ndoana nyingi. Kisha barua inageuka. Anashangaa jinsi walivyoonekana wachangamfu. Mmoja, ambaye kosa lililomfanya auzwe lilikuwa kumpenda mno mkewe, alikuwa akipiga fidla karibu muda wote. Lincoln anaona hapo kazi ya Mungu anayeufanya mzigo ubebeke.

Miaka 14 baadaye, Agosti 1855, anamwandikia Joshua Speed mwenyewe, ambaye walikuwa wameanza kutofautiana kuhusu utumwa. Anamkumbusha safari ile. Safari hii hakuna fidla. Anasema yale aliyoyaona yalikuwa mateso yasiyokwisha kwake, na kwamba huona kitu cha namna ile kila anapougusa Ohio.

Barua hizi mbili nimezisoma zikiwa zimewekwa kando kwa kando, na sijui kama nimkasirikie Lincoln wa kwanza au nimshukuru kwa kutazama pingu kwa karibu kiasi kile. Mtu hageuki kwa siku moja. Wale wafungwa, hata hivyo, hawakuwa na miaka 14 ya kumsubiri.

Huyo mpiga fidla ananifanya nimkumbuke York. Sanamu yake iko ufukweni hapa katikati ya mji, inatazama mto. Alikuwa mtumwa wa William Clark, mmoja wa viongozi wa msafara wa kwenda magharibi, akaenda naye mpaka Bahari ya Pasifiki na kurudi mwaka 1806. Waliokuwa kwenye msafara ule walipewa ardhi na malipo, York hakupewa kitu. Alichoomba ni kuachwa Louisville, karibu na mkewe. Barua za Clark zipo, na ndani yake bwana huyo analalamika kwamba York amekuwa mkaidi na anamtishia kumuuza.

Kumpenda mkeo kupita kiasi, kwenye mto huu, kulikuwa kosa.

## Januari 1937

Nisije nikaeleweka kwamba mto umefugwa kabisa. Watu wengi hapa wanaamini mabwawa yanazuia mafuriko. Hayazuii, hayakujengwa kwa kazi hiyo. Januari 1937 vile vibao vilikuwepo, vikalazwa sakafuni kama kawaida, na mto ukapita juu yake ukaingia mjini. Zaidi ya nusu ya Louisville ilikuwa chini ya maji. Mapipa matupu ya wiski yaliungwa pamoja yakawa daraja la kuwatolea watu. Mpiga picha Margaret Bourke-White alikuja akapiga picha ambayo bila shaka umeiona bila kujua ni ya hapa: Wamarekani Weusi wamepanga foleni ya msaada, na juu yao bango kubwa la familia ya Kizungu ndani ya gari, likitangaza kwamba hali ya maisha ya Marekani ndiyo ya juu kuliko zote duniani.

Kuta tunazoziona ukingoni zilijengwa baada ya hapo.

## Cairo

Mwisho nikaamua kwenda mahali Ohio unapoishia. Nilikuwa nimesoma kwamba bwawa la mwisho, la Olmsted, lililofunguliwa 2018 baada ya miaka 30 tangu liidhinishwe na gharama ya kama dola bilioni 3 badala ya milioni 775 zilizotajwa mwanzoni, lina vibao 140 vya chuma vinavyolazwa maji yakiwa mengi. Teknolojia ile ile ya 1885, imekuzwa. Na chini ya Olmsted hakuna kizuizi tena. Kilomita 27 za mwisho Ohio unatembea wenyewe.

Na kweli unatembea. Kwenye ncha ya Cairo magogo yalikuwa yanapita kwa kasi ya mtu anayewahi basi.

Mji wenyewe unauma. Ulikuwa na watu zaidi ya 15,000 mwaka 1920; sensa ya 2020 ilihesabu 1,733. Mwaka 1909 umati ulimuua Will James, mtu Mweusi, hadharani katikati ya mji huu. Kuanzia 1969 wakazi Weusi waligomea maduka yaliyokataa kuwaajiri, na wenye maduka kadhaa wakaona heri wafunge kuliko kuajiri. Mitaa ina majengo mazuri ya matofali yasiyo na vioo. Nilitafuta chai nikakosa.

Pale ncha, maji ya Ohio na ya Mississippi yanakwenda sambamba kwa muda kabla ya kuchanganyika, rangi mbili. Kwa kawaida Ohio ndio unaoleta maji mengi zaidi mahali hapa, lakini jina linaloendelea mpaka baharini ni la mwingine.

Meli ya Lincoln ilifika hapa Septemba ile ya 1841, ikakunja kulia kupanda Mississippi kwenda St. Louis. Kwenye barua ya 1855 anasema wale watu walikuwa naye mpaka mdomo wa Ohio. Njia yao ilikuwa kushoto, kushuka. Barua haitaji jina la hata mmoja.

Miaka 20 baadaye, Septemba 1861, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jenerali Ulysses Grant wa Kaskazini aliweka makao yake Cairo, na majeshi ya Kaskazini yakaanza kushuka Mississippi kutoka hapa. Kuanzia 1862 meli zilizokuwa zikirudi zilileta watu: maelfu ya waliotoroka kwenye mashamba ya Tennessee na Mississippi, wakashushwa kwenye ncha hii, wakapangiwa kambi iliyokuwa na ndui, njaa na baridi. Wengi walikufa hapo. Wengine walipanda treni kwenda Chicago na miji mingine ya kaskazini, na wengine wakabaki wakajenga Cairo. Kila aliyekuja kwa meli hizo alikuja akipanda mkondo.